Kazi ya kutwa na shule ya LVN: usiku, wikiendi au jioni?

"Dada, niache kazi nisome, au nisome hukuhuku nafanya kazi?"

Swali hilo niliulizwa tena juzi kwenye sendofu ya binti wa mwenzetu hapa Irving, Texas, tukiwa kwenye foleni ya pilau. Aliyeuliza ni kama mdogo wangu. Ana watoto wawili, mume wake anaendesha lori na akiondoka ameondoka siku kumi, mama mkwe anaishi nao, na yeye mwenyewe ni CNA (msaidizi wa nesi mwenye cheti) kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku, mwaka wa nne sasa. Nilimjibu kwa mkato kwa sababu foleni ilikuwa inasogea: kuacha kazi sahau. Kodi ya nyumba haijui kama uko shule, bima ya afya ya watoto inaning'inia kwenye kazi hiyohiyo, na nyumbani kuna mzazi anayesubiri hela ya dawa za presha. Kinachobaki kuchagua ni saa. Kazi ileile ya saa arobaini inaweza kukufikisha kwenye leseni au ikakurudisha mwanzo, kutegemea umeiweka usiku, wikiendi au mchana.

Njia mbili kati ya hizo nimezipita mwenyewe, moja ikanishinda. Ya tatu niliiona kwa karibu kupitia kaka mmoja wa Bukavu niliyekuwa namsaidia hesabu za dozi Jumapili baada ya ibada.

Kwanza tuelewane. LVN ni jina la Texas na California. Majimbo mengine wanasema LPN. Kazi ni moja na mtihani ni mmoja, NCLEX-PN. Ni nesi mwenye leseni: anagawa dawa, anachoma sindano, anafunga vidonda, chini ya usimamizi wa RN (nesi aliyesajiliwa, wa ngazi ya juu) au daktari. CNA husomewa kwa wiki chache tu, maana sheria ya shirikisho inataka angalau saa 75 na Texas inataka 100. LVN ni habari nyingine. Kiwango cha Texas nilichosomea mimi ni saa 1,398: 558 za darasani na 840 za klinikali, yaani wodini, umesimama. Malipo nayo ni habari nyingine. Takwimu za Idara ya Kazi ya Marekani za Mei 2023 zilimweka CNA wa katikati kwenye dola 38,200 kwa mwaka, na LPN au LVN kwenye 59,730. Tofauti ni 21,530. Ishike hiyo namba, tutairudia.

Sasa hesabu ya wiki, ambayo kila mtu huifanya nyuma ya bahasha ya bili kabla ya kujiandikisha. Wiki ina saa 168. Gawa zile 1,398 kwa wiki 46 za masomo, mwaka mmoja ukiondoa likizo, unapata saa 30 na ushee. Weka kazi 40. Weka 15 za kusoma nyumbani, na hizo ni za mtu ambaye Kiingereza cha vitabu hakimpi shida. Weka 10 za barabarani, maana Dallas hakuna unakofika bila gari. Jumla 95. Ukilala saa saba kila siku ni 49. Unabakiwa na 24 za kupika, kufua, watoto, ibada na simu za nyumbani. Kwenye karatasi inatosha kabisa. Karatasi ndiyo iliyonidanganya.

Usiku kazini, mchana darasani

Hii ndiyo njia ya wengi wetu na ndiyo niliyoanza nayo. Inavutia. Usiku wanaongeza senti kidogo kwa saa, mabosi hawapo, ndugu za wagonjwa wamelala, na mchana wote ni wako. Nilikuwa naingia saa nne usiku, natoka saa kumi na mbili asubuhi, darasani saa mbili hadi saa tisa alasiri. Saa kumi niko kitandani, saa tatu usiku naamka. Saa tano hizo. Katikati yake mwanangu amerudi kutoka shule na mchoro anaotaka uuone sasa hivi, si kesho.

Siku za klinikali zilikuwa mbaya zaidi. Unatoka kazini saa kumi na mbili, unatakiwa wodini saa kumi na mbili na nusu, sare nyingine, viatu visafi. Anayekupokea zamu akichelewa huwezi kuwaacha wazee peke yao. Huko ni kutelekeza wagonjwa, na kunaweza kukugharimu cheti. Kwa hiyo unakaa, unatazama saa ya ukutani. Shuleni hawataki kusikia: kwenye ile shule yangu ya kwanza kuchelewa mara mbili kulihesabiwa kukosa siku nzima, na siku za kukosa zilikuwa za kuhesabu kwa vidole.

Wiki ya tisa nilikuwa na mzee mmoja wa chumba cha mwisho kwenye korido. Sukari imepimwa, insulini uniti nane kabla ya chai. Nikavuta dawa, nikainua bomba kwenye mwanga kama tulivyofundishwa, nikamwonyesha mwalimu, maana mwanafunzi hachomi mpaka mwalimu aone.

"Uniti ngapi hizo?"

"Nane."

"Angalia tena."

Nikaangalia tena, nikaona nane. Bomba la uniti mia lina vistari vya mbilimbili, na mpira wa ndani ulikuwa umesimama kwenye kistari kimoja kabla ya ishirini. Kumi na nane. Mwalimu hakunigombeza. Alilichukua bomba, akalitumbukiza kwenye boksi jekundu la vitu vya ncha, akaniuliza, "Mara ya mwisho umelala lini?" Nikaanza kuhesabu saa, nikapotea njiani. Akanirudisha nyumbani na siku ikaandikwa sikuhudhuria.

Asubuhi hiyohiyo, kwenye barabara ya 635, niliamshwa na ile mikwaruzo ya pembeni ya lami inayonguruma gari likiivuka. Sikumbuki nilivyofika pembeni. CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wanasema mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anakuwa kama mwenye pombe ya 0.05 kwenye damu, na akifika saa 24 ni kama 0.10. Texas dereva anahesabiwa mlevi kuanzia 0.08. Nilikuwa naendesha mlevi mara mbili au tatu kwa wiki, na tone la pombe sijawahi kugusa.

Mtihani wa hesabu za dozi ulitaka alama 90. Nikapata 86. Ikabidi nirudie, na kundi lililofuata lilianza baada ya miezi kumi. Chukua ile tofauti ya mshahara, igawe kwa kumi na mbili, zidisha kwa kumi: karibu dola 18,000 kabla ya makato, mbali na ada niliyolipa upya. Ile nyongeza ya usiku iliyonivutia haikufika hata robo ya hapo.

Nisiuseme usiku wote vibaya, kwa sababu kuna usiku na usiku. Nyumba ya wazee yenye watu ishirini na zaidi kwa CNA mmoja, kuwageuza kila baada ya saa mbili, kengele zinalia, hiyo ni zamu ya mwili mzima. Lakini wapo wenzetu wanaokaa usiku na mgonjwa mmoja nyumbani kwake, au kwenye nyumba ndogo za watu wenye ulemavu ambapo wakazi wanne wamelala na wewe kazi yako ni kuwa macho na kuwa karibu. Pale kitabu kinasomeka. Malipo huwa chini, ila unatoka asubuhi umemaliza sura mbili. Kama ni lazima usome ukiwa wa usiku, hamia huko kwanza, halafu ndiyo ujiandikishe. Na hata huko tatizo la barabara asubuhi linabaki palepale.

Dabo za wikiendi

Mara ya pili niliomba dabo: Jumamosi na Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne usiku. Saa 32 kwa siku mbili, halafu Jumatatu hadi Ijumaa hunioni kazini. Hapa Dallas ukitaka mpango wa namna hii uliza tu kama wana "Baylor". Jina lilitoka kwenye hospitali ya chuo cha Baylor hapahapa mjini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikosa manesi wa wikiendi, wakaamua anayefanya zamu mbili za saa 12 Jumamosi na Jumapili alipwe kama aliyefanya saa 36. Siku hizi nyumba za wazee zimelichukua neno na kila moja ina fomula yake. Nyingine wanalipa 40 kwa 32, nyingine wanaongeza dola mbili tatu kwa saa, nyingine wanalitumia jina tu na hawaongezi kitu. Uliza wakuandikie.

Kuna jambo ambalo watu hawaliulizi. Kwa sheria ya bima ya afya ya Marekani, mwajiri mkubwa, mwenye wafanyakazi 50 na kuendelea, anatakiwa kumhesabu mtu wa saa 30 kwa wiki kuwa wa kudumu na kumpa nafasi ya bima. Saa 32 ziko juu ya mstari. Ukipunguza hadi 24 ili upate nafasi ya kusoma, unaweza kuamka huna bima, na mtoto ana pumu.

Kilichobadilika kwangu ni usingizi. Siku tano nililala usiku kama binadamu. Mwili ulijua saa. Klinikali nilikuwa nafika nimeoga, nimekunywa chai, na ile hofu ya bomba la insulini ikaniisha taratibu kwa sababu macho yalikuwa yanaona kilichopo. Saa za kazi zilipungua nane tu, lakini kwa kichwa ilikuwa kama nimepunguziwa nusu.

Bei yake ipo, tena siyo ndogo. Jumatatu ni siku iliyokufa. Darasani nilikuwa nakaa mbele kabisa ili aibu inizuie kusinzia, na soksi za kubana nilizivaa hadi Jumanne. Wikiendi ndiyo siku watu wanapiga simu hawaji, kwa hiyo ukiwa kazini unabeba na ya mwenzako. Mgongo usipoulinda, usipotumia winchi ya kunyanyulia wagonjwa kwa sababu una haraka, unaweza kuwa na leseni usiyoweza kuifanyia kazi. Halafu jamii. Mambo yetu yote ni wikiendi: harusi, kipaimara, vikao, arobaini. Mwaka mzima sikuonekana kwenye mazishi hata mamoja. Nilikuwa naenda msibani Jumanne na sufuria yangu ya maharage, nakuta mwenye msiba peke yake na televisheni. Wapo walionisema. Mmoja alisema nimeanza kujisikia kabla hata sijapata leseni.

Na saa kumi na sita mara mbili mfululizo lazima pawe na mtu wa kukaa na watoto. Hapo ndipo wengi wanakwama.

Shule ya jioni

Kaka wa Bukavu alikuwa muuguzi wa A2, ngazi ya sekondari, kwao Kongo kabla ya vita kumtoa. Vyeti vilibaki huko, shule yenyewe sijui kama bado ina kuta, kwa hiyo ilibidi aanze upya kama asiyejua kushika kipimo cha presha. Mchana alikuwa anaendesha foklifti ghalani, saa moja asubuhi hadi saa tisa na nusu. Saa kumi na moja jioni darasani, hadi saa tatu na nusu usiku, Jumatatu hadi Alhamisi. Saa 18 kwa wiki. Gawa 1,398 kwa 18, unapata wiki 78, na ukiweka likizo ni miezi kumi na tisa, ishirini.

"Dada," alikuwa ananiambia, "kazi naijua. Kiingereza ndiyo iko nguvu."

Alikuwa sahihi, na ndiyo sababu jioni ilimfaa. Swali la NCLEX halikuulizi dawa hii inatibu nini. Linakupa wagonjwa wanne, wote wanaumwa, linakuuliza utaanza na nani. Jibu linajificha kwenye neno moja la Kiingereza, "kwanza" au "zaidi" au "isipokuwa". Mtu anayesoma polepole anahitaji miezi, siyo akili zaidi. Kwa mwendo wa saa 18 alikuwa na nafasi ya kulirudia swali mpaka alione hilo neno. Kwa mwendo wa saa 30, pamoja na kazi, angelikariri tu na kusonga.

Hasara ya kwanza ni muda. Miezi minane zaidi kabla ya mshahara wa LVN ni kama dola 14,000 kwa hesabu ya ile tofauti. Inauma. Ila ukiiweka karibu na 18,000 zangu za kurudia, na yeye hakurudia somo hata moja, mjanja ni nani?

Hasara ya pili ni klinikali. Saa 840 haziwezi kuisha zote jioni. Shule nyingi za jioni hupeleka klinikali Jumamosi na Jumapili, na zamu za wodi ya wazazi au ya watoto zinaweza kuangukia mchana wa katikati ya wiki, notisi ikiwa ya wiki mbili. Muulize msajili ratiba ya klinikali ya kozi nzima kabla hujatoa hela, na akikwambia "tutaona muhula ukifika", jua kwamba wewe ndiye utakayeona. Hasara ya tatu ni kwamba kazi ya mchana lazima iwe na mlango wa kutokea unaofunguka saa ileile kila siku. Ghalani kuanzia Novemba ni ovataimu ya lazima. Yeye alimfuata msimamizi wake mwezi wa nane, mapema, akakubali kufanya Ijumaa ndefu na Jumamosi zisizo na klinikali ili Jumatatu hadi Alhamisi wamwachie. Angesubiri Novemba ifike angeambiwa hapana.

Kwa anayependa kuona kwa jicho moja:

| | Usiku | Wikiendi | Jioni |
|---|---|---|---|
| Kazi kwa wiki | 40 | 32 | 40 |
| Shule kwa wiki | 30 | 30 | 18 |
| Usingizi | vipande vya mchana | mzima, siku tano | mfupi, lakini wa usiku |
| Muda hadi kumaliza | mwaka | mwaka | miezi 19 hadi 20 |
| Kinachovunjika kwanza | akili na barabara | mgongo na ujirani | subira |

Shule yenyewe

Hapa ningekaa kutwa, lakini nitasema mawili.

Koleji za umma, zile komyuniti koleji, ada yake ni ndogo mara kadhaa kuliko ya shule binafsi za mjini, ila zina foleni, mtihani wa kuingia, na mara nyingi ni mchana tu. Shule binafsi zinakupokea wiki ijayo, zina jioni, zina binti mchangamfu kwenye simu anayekuita kwa jina lako la kwanza. Ukiona mwenye simu ana haraka kuliko wewe, tulia. Bodi ya Uuguzi ya Texas huchapisha kiwango cha kufaulu NCLEX cha kila shule, na mstari wao ni asilimia 80 ya wanaofanya kwa mara ya kwanza. Itafute shule yako humo. Iliyo chini ya mstari itakuuzia kiti, haikuuzii leseni.

Kama una grini kadi, au ulikuja kama mkimbizi au umepewa hifadhi, na kipato chako ni kidogo, jaza FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa ada. Ni bure, usimlipe mtu akujazie. Ruzuku ya Pell ilifika hadi dola 7,395 kwa mwaka wa masomo wa 2024–25, na hairudishwi. Nyumba nyingi za wazee pia huchangia ada kwa sharti la kukaa nao mwaka au miwili baada ya leseni. Soma karatasi inasemaje ukiondoka kabla.

Na kwa wale wanaonong'onezwa kwamba kuna shule unalipa, hukai darasani, unapata diploma: Januari 2023 serikali ya shirikisho iliwafungulia mashtaka watu 25 kwa diploma za uuguzi zaidi ya 7,600 zilizouzwa kupitia shule tatu za Florida. Bodi za majimbo zikaanza kuwafuatilia walionunua mmoja mmoja. Wahamiaji hawakukosekana kwenye orodha hiyo. Sitaongeza neno.

"Si uende RN moja kwa moja?"

Kila sendofu ina mjomba wa swali hili. RN wa katikati alikuwa kwenye dola 86,070 kwa takwimu zilezile za 2023, kwa hiyo mjomba hajakosea. Kama una miaka ishirini na mbili, huna mtoto, na unaishi kwa shangazi, msikilize. Lakini RN ya koleji ni masomo ya awali kwanza, anatomia na mikrobiolojia, kama mwaka mzima ukiwa kazini, halafu miaka miwili ya uuguzi wenyewe. Mwenye familia akikatika katikati anabaki CNA mwenye deni. Akipita LVN, anafanya kazi saa chache kwa mshahara mkubwa, kisha anamalizia daraja la LVN kwenda RN akiwa na pumzi. Mimi niko kwenye hilo daraja sasa, na nafanya siku tatu tu kwa wiki.

Walio kwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi, ulinganisho huu wote hauwahusu. Viza hiyo inawaruhusu saa 20 kwa wiki ndani ya chuo wakati wa muhula. Anayewaambia nyumba ya wazee fulani haiulizi makaratasi hatakuwepo siku ya kuulizwa.

Kwa mdogo wangu wa kwenye foleni ya pilau

Tulimalizia mazungumzo kwenye maegesho, yeye ameshika viatu mkononi. Alikuwa ameshaamua: abaki usiku, achukue shule ya mchana ya mwaka mmoja, "nijibane tu mara moja iishe". Maneno hayohayo niliyasema mimi.

Nikampitisha kwenye nyumba yake. Mume hayupo siku kumi, kwa hiyo dabo zitamwachia mama mkwe watoto wawili saa kumi na sita, mara mbili, kila wiki. Yule mama ana magoti. Hapana. Jioni, mama mkwe anatakiwa kuwalisha na kuwalaza, kitu anachokifanya tayari kila siku mkwewe akijiandaa kwa zamu ya usiku. Tena mdogo wangu, kwa maneno yake mwenyewe, hajasoma kitabu kizima cha Kiingereza tangu kidato cha nne. Mimi ningemweka jioni, bila kusitasita, na miezi yake ishirini.

Ila jioni inadai kitu kimoja ambacho hana: zamu ya mchana. Nilimwambia asiende shule kuchukua fomu. Aende kwanza kwa yule dada anayepanga zamu, Jumatatu, kabla ya mikutano yao ya asubuhi, aombe saa kumi na mbili hadi saa nane mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa maandishi, na aseme ni kwa ajili ya shule. Wapanga zamu wanapenda kujua mapema kuliko wanavyopenda kuombwa radhi.

Jumatano nikapata ujumbe wa sauti, nyuma yake kengele ya mgonjwa inalia. Mama mmoja wa mchana anastaafu mwisho wa mwaka, nafasi ipo, ila ni wikiendi moja kila mwezi. "Sasa dada, hiyo wikiendi moja, kama klinikali ni Jumamosi itakuwaje?"

Nikamwambia hilo ndilo swali la kumpelekea msajili. Kesho yake alikuwa na miadi saa nne.